Insulini ya Borrie

Salt River, Cape Town
Jumatano jioni

Kwako Boeta Igsaan, kaka yangu,

Assalaamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi Nurjahan na watoto. Je, kifua cha yule mdogo kimepoa? Sisi huku tupo, alhamdulillah. Mvua haijatuacha, dari ya chumba cha mbele inavuja palepale ulipoiacha ikivuja, na magoti yangu yananisuta kila nikipanda ngazi za kiwandani. Baba hajambo, kwa namna ya kusema. Hilo nitalifikia.

Utashangaa kupata barua ya mkono wakati simu ipo. Lakini kuta za nyumba hii unazijua. Nikipiga chafya jikoni, Baba ananiombea rehema akiwa kitandani. Haya sitaki ayasikie. Anti Galiema wa nyumba ya pili anakuja huko Perth kumwona mjukuu wake, nami nimemsihi akupe bahasha hii kabla ya Jumapili. Jumapili Baba atakupigia kukuuliza swali, na kabla hujamjibu nataka ujue lilikotoka.

Borrie amekufa. Nakuambia mapema usije ukasoma kwa matumaini.

Unamkumbuka alivyokuwa, wa manjano kama bizari tunayoiita borrie, ndiyo maana Mama akampa jina hilo. Tangu tumzike Mama, Baba alikuwa hana wa kuzungumza naye asubuhi ila paka huyo. Mimi huniuliza kama chai ipo. Borrie alikuwa anasimuliwa ndoto. Kusema kweli niliona wivu, na si aibu kukuandikia.

Baada ya Idi, Borrie alianza kunywa maji bila kiasi, hata bomba la bafuni akawa analiramba. Alikonda, na miguu ya nyuma ikalegea akawa anatembea kwa visigino, kama mzee aliyevaa viatu vya mtu mwingine. Baba alimtazama siku moja akasema huyu ana ugonjwa wangu wa sukari. Nikacheka. Tulipompeleka kwa daktari wa wanyama, daktari hakucheka.

Daktari huyo, binti mpole aitwaye Liezl, alieleza kwamba si kila insulini inamfaa paka. Iliyo bora ni moja ya binadamu, ya sindano ya kalamu, inayofanya kazi taratibu kutwa nzima. Lakini maduka ya dawa ya mji mzima yalikuwa yameishiwa. Ile nyeupe kama maziwa anayopewa Baba kliniki haifai, maana kwa paka hushusha sukari kwa kishindo, halafu nguvu yake inaisha mapema. Iliyokuwapo ni ya wanyama, nyepesi, yenye sindano zake, na ingemtosha vizuri mpaka ile ya kalamu ipatikane. Nikauliza inatengenezwa kwa kitu gani. Laiti ningefunga mdomo. Akasema inatokana na nguruwe.

Baba alikuwa mlangoni akimbembeleza Borrie kikapuni. Maneno mengine yote yalikuwa yamempita. Hilo moja likamfikia.

Njiani nilimrudilia maelezo yote ya daktari, pamoja na hilo la dawa yake kutofaa. Alitazama nje ya dirisha. Nilipoiweka chupa kwenye friji, alihamisha siagi yake, maziwa yake na sufuria ya mchuzi wa bredie akavipeleka kwa Anti Galiema, friji nzima isipokuwa vitunguu vyangu. Anti Galiema alimcheka waziwazi. "Toyer," alimwambia, "paka wako mwenyewe kuswali haswali, na panya anawala bila bismillahi, leo unamtafutia dawa ya halali?" Baba akamjibu kwamba panya Borrie anajitafutia mwenyewe, lakini sindano itashikwa na mkono wa Toyer.

Nikamwita Imamu Gasant. Alikuja, akanywa chai, akasema mnyama hana hesabu, kuokoa uhai wake kuna thawabu, na mikono inaoshwa. Baba alimshukuru kwa adabu. Alipoondoka akaniambia kwamba imamu amesema kweli, lakini imamu hakuishi na Mama. Mama aliyekuwa anasoma karatasi ya kila peremende kabla ya kutupa, aliyewahi kututemesha pipi barabarani mbele ya watu. Akaniuliza nitawezaje kumdunga nguruwe paka wa mwanamke huyo. Nilikusanya vikombe vya chai, Boeta. Nilichoka tu.

Nikawa namchoma mimi, kwa siri, nikitoka kazini? Hapana. Natamani ningekuandikia hivyo. Niliogopa kumvunjia heshima, nikangoja alegee mwenyewe, na Borrie akazidi kuburura miguu.

Kisha jioni moja Baba alitoka chumbani uso umekunjuka. Akasema sawa, amekubali, Borrie atachomwa, na atamchoma yeye mwenyewe asubuhi ili mimi niwahi kiwandani. Nilifurahi mno, hata sikumuuliza kilichomgeuza. Nikachukua zile sindano za wanyama, nikachora kwa rangi ya kucha mstari mwekundu kwenye kila moja, kumwonyesha mwisho wa kujaza, maana macho yake si yale.

Siku za kwanza Borrie alichangamka. Alipanda dirishani, jambo ambalo hakulifanya tangu Idi. Baba akaanza kuimba akipiga pasi. Alhamisi iliyopita nilirudi kutoka kazini nikamkuta Baba amekaa sakafuni jikoni, Borrie mapajani amefunikwa kitambaa cha Mama cha kichwani. Anti Galiema alikuwa amepiga magoti akimpaka paka kwenye fizi shira ya koesista, maandazi yake ya Jumapili, huku akilia na kumtukana amke. Borrie alikuwa ametetemeka tangu adhuhuri, akayumba, akaanguka. Tulipofika kwa Liezl alikuwa ameshapoa.

Liezl aliniuliza pembeni tulikuwa tunampa dawa gani. Nikasema ile yako. Akasema sukari imemwishia mwilini, akanisihi nikaitazame chupa. Nilirudi nikafungua friji. Chupa ya nguruwe haikuwa imeguswa. Kifuniko chake kilikuwa bado kimefungwa vilevile kilivyotoka dukani.

Baba alikuwa amemchoma insulini yake mwenyewe, ya kliniki. Ni nzito kuliko ile ya wanyama zaidi ya mara mbili, na aliijaza kwenye sindano ya wanyama mpaka kwenye mstari wangu mwekundu. Wewe ndiye mfamasia, huhitaji nikufafanulie. Alikuwa mwaminifu kwa mstari ule, maskini. Hakuuvuka hata kidogo.

Nilimwambia kwamba ni figo. Liezl nilimwomba anyamaze, akanyamaza. Tulimzika uani, karibu na mlimau wa Mama, na Baba akasema angalau amekwenda na dawa safi mwilini. Nilishika sepetu nikatazama udongo.

Lakini Baba si mjinga. Tangu siku hiyo anaikamata sindano yake asubuhi, anaitazama, anairudisha mezani. Ananiambia atachoma baadaye. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kimeanza kuwa cheusi, amekificha kwenye soksi akidhani sijaona. Jana aliniuliza, bila kunitazama, kama dawa inaweza kumuua aliyepewa kwa mapenzi. Nikasema figo, Baba. Akasema atamuuliza Igsaan.

Sasa lile nililokuwa nalizunguka. Nilipomuuliza kwa nini aliiacha ile chupa, alisema alimuuliza mtu anayejua, akanisimulia yote. Unakumbuka alikupigia siku moja ukiwa kazini, foleni mbele yako? Alikuuliza kama insulini ya kliniki na hizi nyingine zinatofautiana. Ukamwambia, "Baba, insulini ni insulini, tumia uliyo nayo, usingoje." Ulidhani anauliza kwa ajili yake, kwa sababu ya ule uhaba. Na ungedhani nini kingine? Paka hakumtaja, aliogopa usije ukamcheka kama nilivyomcheka mimi. Alikata simu akatoka chumbani uso umekunjuka.

Sikulaumu, wallahi. Nimelia kwa ajili yako kuliko kwa ajili ya paka. Lakini ukimwambia kweli, ataiweka sindano chini moja kwa moja, na tutamzika naye kama Mama kabla ya mwaka kuisha. Nakuomba useme figo. Sema kwa sauti yako ya dukani, usikohoe, usikawie.

Nisalimie wifi na watoto, uwabusu vipaji vya nyuso. Anti Galiema amekubebea achari ya limau; usimwambie kwamba chupa imevuja kidogo. Imamu Gasant anakusalimia, na majirani wote. Tuombee, nasi tunakuombea.

Baba ameniuliza kutoka chumbani namwandikia nani, nikamwambia. Anakutolea salamu. Anasema nikuandikie kwamba Jumapili atakuwa na swali moja tu, na kwamba jibu lako atalishika lolote litakalokuwa, kwa sababu wewe, katika watoto wake, hujawahi kumdanganya.

Mdogo wako,
Faldiela