Taa za Kilimani

Goma, 4 Machi 2023

Mama mpendwa,
Habari ya mgongo? Mimi ni mzima. Mpango wangu umekubaliwa kazini: kilima chetu, kisichofikiwa na waya wa umeme, kitapata taa za jua, toka kanisani hadi chemchemi. Hamtahangaika kuwasha wala kuzima. Giza likiingia zinawaka zenyewe mpaka asubuhi. Dereva Valens anakuletea barua hii na sukari.
Binti yako, Umurerwa

Masisi, 19 Machi

Mwanangu,
Tumeamka, Mungu asifiwe. Mgongo ni uleule. Sukari imefika imepungua, Valens namjua.
Taa nimejivunia mpaka Tumukunde jirani amenichoka. Lakini umesahau ulivyolelewa? Mbwa wakibweka upande wa msitu, tunamwagia moto maji na kunyamaza. Wenye bunduki wanapita bila kujua kama pana watu. Giza ndilo linatuficha. Tuwekeeni swichi. Naogopa.
Mama yako

Goma, 2 Aprili

Mama,
Pole na mgongo. Nilimweleza mkubwa wangu, akacheka: "Mwangaza njo inafukuza wezi. Ukiweka swichi, batoto batachezea." Nikakubali kwamba mwanga ndio unaofukuza wezi, maana huku mjini ni hivyo. Mafundi wanapanda wiki hii. Mtazoea.
Binti yako

Masisi, 30 Aprili

Mwanangu,
Salamu nyingi. Taa ni nzuri, sitadanganya. Tumukunde anasuka mikeka njiani mpaka usingizi umshike. Valens naye kasema, "Mama, kilima yenu inaonekana toka kule Sake." Alidhani ananifurahisha.
Juzi mbwa walibweka, na jana tena. Tulizima moto, tukabaki tunaonana nyuso kama mchana. Jirani mwingine, Polycarpe, alijaribu kufunika taa kwa gunia, nguzo ikamshinda urefu. Leta swichi, mama.
Mama yako

Goma, 9 Mei

Mama,
Mko salama? Nijibu hilo kwanza. Swichi nimenunua, sikumuuliza mtu. Valens anatangulia na barua hii. Mimi na fundi tunafuata Jumamosi. Mpaka hapo mkalale kwa shangazi, ng'ambo ya bonde. Ulinionya, nikajifanya kukufundisha.
Binti yako

Goma, 12 Mei

Mama,
Leo sijui nikusalimu vipi. Valens amenirudishia barua. Hakupata wa kumpa, hata kwa shangazi hamjafika.
"Hakuna moshi hata kwa jiko moko, dada," aliniambia. "Hata imbwa haikubweka. Nikaita, nikaita. Giza ikaingia, taa yote ikawaka yenyewe."
Namtuma Valens tena nayo, pamoja na hii. Nijibu, hata neno moja.
Binti yako, Umurerwa