Ulimi wa Mkweche

Tooting, London
Jumapili, 14 Novemba 1982

Kwa Mama yangu mpenzi, Kibokoni, Mombasa.

Assalaam alaikum, Mama. Kuna sauti moja imeniganda masikioni tangu Alhamisi, ndogo hata ukiiandika haijazi neno: tik. Ni sauti ya kitu kidogo kurudi mahali pake. Nitakueleza ilitoka wapi, lakini kwanza nakushika miguu na nakuuliza hali. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi za vuli? Haitham ameacha kulala na redio sikioni? Mimi mzima, alhamdulillahi. Kifua kimepona, masomo ya ufamasia yanakwenda, na baridi ni ile ile, si habari tena.

Nianze na lile lililokukosesha usingizi. Uliniagiza niende Tooting kwa Ami Mbarouk kwa mambo mawili: nimnyang'anye ufunguo wa gari kabla hajajiua barabarani, na yeye, kwa kuwa Baba hayupo na ndiye walii wangu, aniulize rasmi kuhusu posa ya Nizar ili mpange tarehe ya harusi. Nimekwenda. Ufunguo sikuupata, kwa sababu Ami hana gari. Hajapata kuwa na gari tangu alipotoka Unguja mwaka wa mapinduzi. Anapanda basi, tena hukaa chini karibu na mlango, maana ngazi za kwenda juu zinamtia kizunguzungu.

Najua utasema alikwambia mwenyewe kwenye simu kwamba Alhamisi moja alipinduka mara mbili kwenye kona ile ile, Tarsem akamgonga kwa nyuma, na Bhanu akamwinua akamrudisha njiani. Yote hayo ni kweli, Mama. Ila gari lenyewe linaenea kwenye kiganja cha mkono. Nilipomweleza kwamba umemsomea Yasini na kumtolea sadaka, alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaivaa tena na kusema dua hizo zisipotee, Mungu aziweke, siku ya kuzihitaji itakuja.

Basi hivi ndivyo ilivyo. Bhanu ni mtu wa Tanga, ana duka la misumari na rangi hapa Tooting, na chumba cha juu ya duka ndicho makao ya chama chao. Wametengeneza barabara ya mbao inayozunguka chumba chote, yenye kona na kilima, na ndani ya mbao wamechonga mifuo myembamba, kila gari na mfuo wake. Umeme unapita pembeni mwa mfuo. Mwenye gari anasimama kando na kishikio chenye kitufe. Akibonyeza gari linakwenda, akilegeza linapunguza mwendo. Chini ya pua ya gari kuna kipande cha plastiki kinachozama mfuoni na kuliongoza. Ami ndiye aliyekiita ulimi, na sasa chama kizima kinasema ulimi, hata Mwingereza mmoja, fundi wa mabomba, asiyejua neno jingine la Kiswahili. Nilimsikia akilalamika kwa Kiingereza chake kwamba ulimi wake umepinda, nikacheka peke yangu ngazini kabla sijaingia.

Alhamisi hii ilikuwa zamu ya mikweche. Mara moja kwa mwezi magari yanayong'aa hayaruhusiwi. Kila mtu huleta mfano wa gari kuukuu, lililobonyea, lenye taa moja. Fikiria watu wazima wanaokaa wiki nzima wakilipaka gari jipya kutu. Nilikuja nimejiandaa kuona haya kwa niaba ya Ami. Lakini akanionyesha wake, nami nikashindwa. Ni mfano wa ile Morris yake na Baba, ya kule Ng'ambo, Unguja. Mlango wa kushoto ameufunga kwa uzi, kwa sababu ule wa kweli mlikuwa mkiufunga kwa kamba ya usumba. Akanisimulia kwamba siku ulipopelekwa kwa Baba mlango huo ulifunguka mbele ya Darajani, nawe ukaudaka kwa mkono wa hina na kuushikilia mpaka mlipofika. Hukuwahi kunihadithia.

Wanavyotaniana, Mama, ungesahau goti. Tarsem ni Singasinga wa Nairobi, kazi yake kuendesha basi. Alimwambia Ami kwamba mkweche huo hata kuku angeomba ateremshwe. Ami akamjibu kuwa mtu anayeendesha basi kwa mwendo wa jeneza asitie mguu katika habari za mbio. Bhanu akawaambia mmoja anaendesha kwa mdomo na mwingine kwa honi, na kombe litabaki dukani kwake kama mwaka jana. Mkewe, Madhu, akaja na chai, akaniuliza nataka sukari kiasi gani. Nikabaki nimemkodolea macho. Nikamwambia kama wengine. Swali hilo dogo nitalirudia mbele.

Wana desturi moja iliyonigusa. Aliyemaliza kushindana haendi kukaa. Anasimama kwenye kona na kuyarudisha njiani magari ya wenzake yanayotoka, hata la yule aliyemshinda punde, upesi na bila upendeleo. Walikuwa wamepungukiwa na mtu, wakaniweka mimi kwenye kona iliyo kali kuliko zote. Ami alikuwa anakimbizana na Tarsem. Gari linapokwenda linavuma kama nyuki ndani ya chupa. Mara nikasikia nyuki mmoja amekatika, na ile Morris ikawa imelala ubavu mbele yangu. Nikaiokota, nikaisukuma, haikukaa. Tarsem akapaza sauti nimrudishe mzee asije akazeeka zaidi. Niliishika taratibu kama ndani yake yumo mtu. Kisha nikapapasa kwa kidole mpaka ulimi ukauona mfuo wake: tik. Na mvumo ukaanza tena. Mama, machozi yalinijia, wala sikujua kwa nini. Ami alishindwa, bila shaka.

Walipoketi kula kachori, Ami alinijia pale pale konani. Akasema anataka kufanya uliyomwagiza, na kwamba ataniuliza mara tatu kama ilivyo ada. Akauliza kama ninamtaka Nizar. Nikanyamaza. Akauliza tena. Nikanyamaza, nikadhani yamekwisha, maana tumefunzwa kwamba idhini ya mwanamwali ni kimya chake, na hata wewe uliponiuliza kwenye simu nikakosa neno, nilisikia ukipiga vigelegele.

Lakini Ami hakuondoka. Akasema jicho lake la kushoto limefifia, siku hizi anaendesha kwa masikio, na masikio yamemfunza kitu kimoja: gari lililo njiani linavuma. Likinyamaza, halijakubali. Limetoka.

Kisha akasema jambo ambalo nimelipima kutwa nzima kama niliandike. Siku ya harusi yenu yeye alikuwa shahidi mmojawapo, amesimama upande wa pili wa pazia. Ukaulizwa mara tatu, hukusema kitu, wakashangilia, akakuendesha yeye mwenyewe kwa mkweche ule. Akasema mpaka leo hajui kimya chako kilikuwa kimya gani, na kwamba Baba naye alikuwa akimwuliza yeye, kwa kuwa aliona haya kukuuliza wewe. Mama, sikulaumu wala sikulazimishi kujibu. Namkumbuka Baba akikumenyea machungwa na kukuondolea kokwa moja moja, nawe ukijifanya huoni. Najua mlipendana. Natamani tu kujua kama mapenzi hayo yalikuwapo siku ile, au kuna mtu alikuokota konani baadaye akakurudisha njiani.

Mara ya tatu Ami alipouliza, nilisema la. Lilitoka dogo na lenye mkwaruzo, nikalisikia kama limesemwa na mwingine. Madhu alikuwa akipita na sahani, akadhani nakataa kachori, akanilazimisha kuchukua mbili. Nikazila nikiwa nalia na kucheka, na Ami akasimama kunikinga wengine wasinione.

Hili ndilo nililokuwa nikikuficha, Mama. Si kwamba yuko mwingine, naapa hayuko. Wala Nizar si mbaya. Ni mpole, wagonjwa wa macho wanampenda katika duka lake la miwani huko Kenton, na kila Jumapili hunisindikiza mpaka kwenye treni. Lakini mara ya kwanza nilipokwenda kwao, mama yake aliniuliza kuhusu chai, nikachelewa kujibu, Nizar akajibu badala yangu kwamba Thuwaiba hatumii sukari. Aliona ninaaibika, akataka kunisaidia. Tangu siku hiyo nakunywa chai bila sukari. Hujibu pia kama nasikia baridi, kama nimechoka, kama nitaendelea na kazi baada ya kuzaa. Hujibu kwa huruma, na karibu kila mara hukosea, nami simsahihishi. Ulinilea kwa methali kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nami nikaulinda wangu mpaka nikasahau kuwa una kazi nyingine. Nisingekuwa mke mbaya. Ningekuwa mke mtulivu sana, kila mtu angenisifu, na hakuna ambaye angesikia kwamba sivumi.

Ami alitaka kwenda Kenton yeye, kwa kuwa ndiyo haki ya walii. Nikamwomba aniachie. Jana asubuhi nilipanda treni peke yangu na zile bangili za posa mkobani. Nilimkuta Nizar nyumbani amekaa na mama yake. Nikamwambia mbele ya mama yake, ili asije akalazimika kunisemea hata hilo, kwamba siolewi naye, na kwamba kimya changu hakikuwa ndiyo. Nikaziweka bangili mezani. Mama yake akainuka akaingia chumbani, na ninaomba umwandikie, kwa sababu hakustahili fedheha hii. Nizar akaenda jikoni, akawasha jiko, na akasimama mlangoni akaniuliza ninakunywaje chai.

Nikamwambia, vijiko viwili.

Najua barua hii itakuuma, na kwamba majirani tayari wameambiwa. Usimpigie Ami kumlaumu. Yeye aliuliza tu. Nijibu mimi, na kama ni kwa ukali, uje huo ukali wote, nitaupokea kwa mikono miwili. Naomba tu usinyamaze.

Nisalimie Haitham, mwambie Ami anamchongea mkweche wake mwenyewe. Nisalimie Bi Mwanakheri na wote wanaoniulizia hapo barazani. Ami anakusalimu na anasema goti ulikande kwa mafuta ya ufuta yenye moto. Dua zako ndizo nguo yangu nzito katika nchi hii; usiniondolee.

Mwanao akupendaye,
Thuwaiba