Nyumba Hii Inakula Nini?

Jumapili, 13 Oktoba 1996

Joto. Kanisani joto, njiani joto, na chumbani kwetu ndiyo kabisa. Mwenye nyumba kaja tena baada ya misa. Mwanawe anaoa, anataka chumba chake kabla ya Krismasi. Safari hii hakutania.

Jioni nanyonyoa kuku, Nyanda anasema neno ambalo nimelisubiri tangu tuoane. Tununue nyumba. Hapa hapa Kawajense. Atauza ng'ombe wake wote walioko Ugalla kwa kaka yake. Nimemuuliza, wote? Kasema wote. Mume wangu Msukuma, dalali wa mnadani, kusema hivyo si jambo dogo. Nimeacha kuku nikamwangalia usoni nione kama ana homa.

Nyumba zinazouzwa ni mbili. Ya Gelasius, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, anahamia Tabora. Na ya Bibi Tereza, mjane wa marehemu fundi Kasimiri, anakwenda kukaa kwa bintiye Sumbawanga. Bei zinakaribiana: yaani zizi zima. Na zizi haliuzwi mara mbili. Tukikosea, ndiyo basi, hatuna pa kurudi.

Nyanda anataka ya Gelasius. Ndani hajaingia. Kaona rangi.

Jumanne, 15 Oktoba

Tumekwenda kwa Gelasius. Nyumba ya bluu, bati jipya linang'aa mpaka macho yanauma. Ndani kuna waya, kuna taa, kuna swichi nyeupe ukutani. Nyanda kaibonyeza. Kimya. Kaibonyeza tena, kwa upole zaidi, labda inaona haya. Gelasius anasema mafuta ya jenereta la mji yanakuja na treni, na treni tunaijua wenyewe. Kacheka peke yake.

Mimi nilikuwa na sindano kwenye pindo la kitenge, na uzi. Saa kumi jioni, jua bado liko juu, nimesimama katikati ya sebule nitie uzi. Hauingii! Dirisha dogo, tena limetazama ukuta wa jirani. Ilibidi nitoke mlangoni. Sasa mimi fundi cherehani, kila jioni nitawasha koroboi ndipo nipinde suruali ya mtu? Ushonaji wote huo ungeishia kwa muuza mafuta ya taa.

Dari hakuna. Unatazama juu, bati hilo hapo, na joto linakushukia kichwani. Nyanda jasho linamtoka mpaka kidevuni, anasema leo kuna joto. Naam, ni leo tu.

Suzana, mke wa Gelasius, hakuwa ndani. Tulimkuta amekaa nje, kwenye kivuli cha nyumba ya jirani, anachagua mchele. Hilo nimeliweka moyoni.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kwa Bibi Tereza. Uongo mbaya, nyumba haina sura. Lipu imebanduka, bati lina kutu, mlango unalia. Umeme hakuna hata wa kuahidiwa.

Lakini kuta! Tofali za kuchoma, nene, kiasi kwamba kwenye kizingiti cha dirisha kuku ametamia na bado kuna nafasi ya kuweka sahani. Juu kuna dari ya mbao za mninga. Marehemu mzee alikuwa fundi, alijijengea mwenyewe bila haraka. Nimeingia kutoka juani nikahisi shingo inapoa. Nimetoa sindano. Uzi umepita mara ya kwanza, tena nimekaa, wala sikusogea dirishani. Uani kuna kisima. Kwa Gelasius wananunua maji kwa wale wa baiskeli, dumu kwa dumu, mwaka mzima.

Kisha Nyanda kainua pua. Harufu. Popo wamejaa juu ya dari. Bibi Tereza hakuficha: "Wapo, baba. Wakati mwingine hata usingizini nawasikia wakigombana."

Njiani kurudi Nyanda kaipa jina. Nyumba ya popo. Nimecheka, nifanyeje, jina limekaa. Lakini sijabadilika.

Jumamosi, 19 Oktoba

Shemeji Malale kaja kutoka Ugalla na asali na maneno. Ng'ombe wa Nyanda wako kwake, na bila yeye kuwaleta hakuna atakayeuza hata ndama. Kala, kanawa, kajipangusa masharubu, ndipo kasema.

"Mdogo wangu, ng'ombe anazaa. Nyumba haizai. Mimi nimemaliza."

Nyanda kainamisha kichwa. Nami, sijui nani alinisukuma, nikasema: haizai, shemeji, lakini inakula. Kila siku inakula. Kuni, mafuta ya taa, maji, bati, rangi. Sasa ninyi wenye ng'ombe mnajua kuuliza nyumba inakula nini?

Malale kachovya kidole kwenye asali. Kisha kacheka mpaka asali ikampalia. Kasema huyu mke ulimtoa wapi? Nyanda kamjibu, Kibaoni, kaka. Ndivyo walivyo hawa Wapimbwe.

Lakini ndivyo ilivyo. Mimi nimekwenda mnadani na Nyanda, nimemwona anavyofanya kazi. Ng'ombe mnene hamdanganyi. Anauliza alikunywa wapi kiangazi, alikula nini, mama yake alizaa mara ngapi. Siku moja walimletea dume limejaa tumbo, kila mtu analitamani. Nyanda kalipiga tumbo kwa kiganja, kasema hili wamelilambisha chumvi usiku, wakalinywesha maji asubuhi. Keshokutwa litakuwa mifupa. Na kweli.

Mtu huyo huyo kaonyeshwa rangi ya bluu kidogo, kaganda.

Nimemwambia hivyo, Malale yupo. Gelasius kainywesha nyumba yake maji ya chumvi. Nyanda kainuka. Kaenda nje kuangalia baiskeli ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimepata akili. Sufuria moja ya maharage, majiko mawili. Maharage ya mfuko mmoja, kutoka kwa mama yangu Kibaoni. Nimenunua mzigo wa kuni nikaugawa nusu kwa nusu, nusu ya kila nyumba. Chakula cha kila siku ni maharage, basi jiko litoe ushahidi.

Jana nilimwomba Gelasius ruhusa, leo nimeanza kwa Suzana. Kafurahi, maana anapenda kampani. Jiko lao ni banda la mabanzi nje, mafiga matatu, limeelekezwa kule upepo unakotoka. Moto unalala chini. Nachochea, unalala. Kuni zinakwisha, maharage bado yanagonga sufuria kama mawe.

Nikaenda ndani kuchota maji kwenye dumu. Kurudi, naona chini ya sufuria kuna mkaa unawaka. Mkaa mimi sikuja nao. Namwangalia Suzana, anaangalia mbingu. Tukaangua kicheko wote wawili mpaka jirani akachungulia.

Kasema mume wake alimwambia, yule mama akija na maharage yake hakikisha yanaiva. Maskini. Yameiva, lakini kwa mkaa wa watu. Tumeyala pamoja. Suzana kaniuliza kama huko Tabora kuna nyumba zenye dari. Nimemwambia zitakuwepo.

Jumatano, 23 Oktoba

Kwa Bibi Tereza. Jiko la ndani, limezungushiwa ukuta wa tofali, na dohani. Nikawasha. Moshi wote ukarudi ndani! Tumetoka mbio tunalia machozi, mimi na bibi. Kumbe ndege wamejenga kiota kwenye dohani. Bibi kachukua mti mrefu kakisukuma, masizi yakatuangukia wote wawili. Ningejiona kwenye kioo ningejikimbia.

Baada ya hapo, moto ukasimama wima. Maharage yameiva laini, na kuni zimebaki. Nimezirudisha nyumbani kichwani, makusudi, nipite mbele ya Nyanda akiwa na wenzake.

Kaziona. Kauliza, hizo za nini? Nikasema hizo ni ndama.

Jumapili, 27 Oktoba

Leo Nyanda mwenyewe kasema twende kule kwa popo. Nimevaa haraka kabla hajaghairi.

Sasa ndiyo nimemwona dalali. Kazunguka nyumba yote. Kagonga ukuta kwa ngumi, kapiga magoti kachungulia msingi, kachimba fremu ya mlango kwa kisu. Mchwa! Fremu ya nyuma imeliwa, ndani tupu. Kisha kapanda darini. Tunasikia hatua, kisha kelele, kisha popo wametoka kama moshi, na nyuma yao mume wangu, nywele zote mavi ya popo. Bibi Tereza alikaa chini kwa kucheka. Mimi nilijaribu kujizuia, nikashindwa.

Hukumu yake, akinawa kisimani: ng'ombe mzee huyu. Meno mabovu, pembe imevunjika. Fremu ibadilishwe, bati la upande wa jikoni litatoboka mwakani, matundu ya popo yazibwe kwa wavu, lipu ipigwe upya.

Yote kweli. Sikubisha. Nimesema, ni mzee lakini anakula kidogo. Hayo utamtibu mara moja, akapona. Yule wa bluu utamlisha mpaka uzeeke.

Kanawa kichwa na maji ya kisima kile, kisha kanawa tena, kasema maji haya matamu. Nimerudi nyumbani nimejaa matumaini. Usiku kaota anapiga kelele za popo.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimekasirika. Naandika taratibu nisichane karatasi.

Nyanda kampa Gelasius mkono kwamba tunanunua. Jana, dukani kwake, bila kunishirikisha. Gelasius kamwambia kuna mnunuzi mwingine, mfanyabiashara, anakuja Jumamosi. Basi Nyanda kaogopa kunyang'anywa. Mtu anayekaa mnadani siku nzima akisikia watu wanadanganya kuwa kuna mnunuzi mwingine! Yeye mwenyewe huwa anasema hivyo kila Jumamosi!

Nimemwambia hayo. Kasema mkono ameshautoa. Kasema pia, pole pole, hajawahi katika maisha yake kuwa na taa inayowashwa ukutani. Baba yake alifika huku na ng'ombe wakalala chini ya miti miaka. Anataka Malale aingie ndani mwake, abonyeze swichi, nyumba iwake.

Hapo hasira ikanipungua, nami sikutaka ipungue. Nimempa ugali wa baridi hata hivyo.

Malale analeta ng'ombe Jumamosi, siku ya mnada. Watakutana nyumbani kwa Gelasius, waandikishane. Nimesema nitakwenda. Kasema sawa.

Jumamosi, 2 Novemba

Naandika hapa hapa sebuleni kwa Gelasius, daftari liko juu ya paja, kwenye mfuko wa vitambaa. Hakuna anayeniona. Hakuna anayemsikia mwenzake pia. Nitaeleza.

Asubuhi Malale kafika na ng'ombe, kawaacha kiwanjani na wachungaji. Wazuri. Nyanda kawapitia mmoja mmoja, kawagusa migongo. Sikuweza kuangalia.

Tumeingia ndani. Suzana kaleta soda; humu ndani joto la kuokea mkate. Umeme umo leo, treni imefika! Nyanda kampeleka kaka yake ukutani, kamshika mkono, kaweka kidole chake kwenye swichi. Taa ikawaka. Malale katazama juu, kasema "aah," na hata mimi nikafurahi, Mungu ananiona. Uso wa Nyanda ulikuwa wa mtoto. Nikajisemea basi, Marsela, nyamaza, utashona mlangoni.

Gelasius katoa karatasi. Mjumbe wa nyumba kumi, mzee Melkior, kavaa miwani, kaanza kusoma: mimi Gelasius, kwa hiari yangu —

Mvua.

Mvua ya kwanza ya msimu, na haikuanza kwa manyunyu. Imeangukia bati lote kwa pamoja. Mzee Melkior midomo inacheza, hakuna sauti. Gelasius anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo imesimama, tunaona mishipa tu. Taa ikazimika. Malale kaweka mkono nyuma ya sikio. Nyanda kamwinamia, kampigia kelele sikioni, Malale akatikisa kichwa: sisikii. Suzana kaziba masikio kwa ncha za khanga, kama mtu aliyezoea, anaendelea kufungua soda.

Tumekaa hivi muda. Mvua haipungui. Watu sita sebuleni, tunatazamana kama mabubu, karatasi iko mezani, giza la mchana. Kalamu anayo Nyanda.

Sasa anatazama juu. Si kwenye taa. Anatazama bati lenyewe, kutoka ukuta huu mpaka ukuta ule, pole pole, kichwa kakiinamisha upande. Namjua akifanya hivyo. Hivyo ndivyo alivyolitazama lile dume.

Kaja kwangu. Kaweka mdomo sikioni, pumzi ya soda. Anauliza: kule kwa bibi, mvua ikinyesha, inasikika vipi?

Nimemwambia sijui. Sijawahi kuwa kule na mvua.

Kasema hata yeye. Kaweka kalamu mezani. Gelasius anasema kitu, mikono juu, hatusikii. Nyanda kamwonyesha kwa vidole, dakika mbili tu, tunarudi. Mlangoni kuna mwavuli mweusi wa Gelasius mwenyewe, kauchukua, kaufungua. Malale keshavua viatu. Nyanda ananionyesha kule kwa bibi, ananiita kwa mkono, njoo, njoo, na mimi bado naand