Nilidhani Ni Ukungu

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana sina mwingine wa kumwambia na nikiendelea kunyamaza nitapasuka.

Mimi ni mama wa mtoto wa miezi kumi na mmoja, shule niliishia kidato cha nne, ila kompyuta naijua kwa sababu kabla ya kujifungua nilikuwa studio ya picha za pasipoti. Maktaba ya mtaani kwetu iliomba watu wa kujitolea kusafisha picha za zamani ili ziwekwe mtandaoni kila mtu azione bure, nami nikasema angalau nifanye kitu ambacho si nepi, nikajiandikisha, mkutubi akanipa faili kwenye flashi, nikawa nazisafisha mchana mtoto akilala au, nisidanganye, akiwa amening'inia kwenye titi mimi nikifanya kazi kwa mkono mmoja.

Picha moja ni ya wanawake thelathini na wawili wa kiwanda cha nyuzi, wamesimama mistari mitatu. Ukungu ulikuwa umeitafuna, madoa meusi ukutani, kwenye magauni, usoni, nikayatoa moja moja mpaka wote wakang'aa, na kwa kuwa laptop ilijaa video za mtoto nikafanyia kazi mle mle kwenye flashi, palipokuwa na nakala pekee, nikahifadhi picha safi juu ya ile chafu. Ile ya karatasi mkutubi alishaichoma ili ukungu usihamie kwenye vitabu.

Sasa kuna mzee, fundi cherehani mstaafu anayekaa nyuma ya maktaba. Mama yake alifanya kazi kiwanda hicho, akafariki mzee akiwa hajaanza hata kutembea, hakuacha picha. Anachojua, aliambiwa na bibi yake, ni kwamba mama alizaliwa na baka jeusi chini ya jicho la kushoto, kubwa kama punje ya haragwe. Nilikuwepo siku alipofunguliwa picha ile. Alipitisha kidole uso kwa uso, wote thelathini na wawili, akaanza tena.

"Binti, mbona wote wako safi kama sahani?"

Nikajifanya namweka mtoto sawa mgongoni.

"Basi siku hiyo hakuja kazini," akasema. Halafu akanishukuru, mshauri, akanishukuru kwa kazi nzuri. Na kila Alhamisi anarudi na lenzi yake kuangalia tena.

Nakumbuka kufuta doa chini ya jicho. La uso gani, sikumbuki, nimejikamua hadi kichwa kinauma, mtoto alikuwa analia siku ile. Mume wangu anasema, "Mke wangu, acha kujitesa, mbandikie mmoja baka, mzee afurahi, nani atajua?" Nami nimelibandika, kwa mama mmoja wa mstari wa nyuma mwenye masikio yaliyosimama kama ya mzee, na limekaa vizuri mno hadi nikaogopa. Sijaipeleka maktaba. Nikisema ukweli namuumiza, nikinyamaza namuumiza, nikidanganya ndipo atakapocheka. Nifanyeje?

Mama mtoto, msafisha picha


Mama mtoto,

Lifute hilo baka kwanza, kisha urudi usome. Umelifuta? Haya.

Pole. Umechoka, na ulifanya kwa moyo kazi ambayo hakuna aliyekushurutisha. Lakini usijifiche nyuma ya mtoto. Kufuta kulikuwa bahati mbaya. Kubandika ni kusudi. Huyo mwenye masikio naye ana wajukuu, na picha iko wazi kwa kila mtu. Utampa mzee mama wa watu, halafu wenyewe waje wamwone bibi yao na baka asilokuwa nalo? Na mzee ataipiga busu picha ya uongo hadi siku yake ya mwisho, nawe utakuwa unapita pale ukimtazama. Utaweza? Mimi nisingeweza.

Nenda kwake nyumbani, usisubiri Alhamisi, usimwaibishe mbele ya wasomaji. Mtoto mwachie baba yake, si ana ushauri mwingi huyo. Mwambie hivi: "Mzee, nilifuta doa chini ya jicho la mmoja wao. Sijui kama lilikuwa ukungu au mama yako. Sikumbuki ni nani." Usiongeze kwamba huenda nakala nyingine itapatikana. Anaishi akiamini mama hakuwepo. Ana haki ya kujua kwamba huenda yupo na hatamtambua. Najua ni neno baya. Ni lake.

Kisha mweleze mkutubi. Aandike chini ya picha kwamba madoa ya usoni yameondolewa na asili haipo, na aombe familia za waliofanya kazi kiwandani zitafute kama kuna aliyebaki na nakala ya karatasi. Siahidi kitu; miaka ni mingi na ukungu haukuingia maktaba tu. Na wewe, kuanzia leo, chafu ibaki chafu, safi iwe na jina lake. Futa video za mtoto, utapiga nyingine.

Akikasirika, kaa umsikilize. Usilie kumzidi, maana mfiwa ni yeye. Akisema hataki kukuona tena, mwitikie "nimesikia, baba," uondoke, na usirudi mpaka akuite. Huenda asikuite.