Merikebu Inayotazama Chini

Jumatano, 16 Aprili 2025
Imekubaliwa! Merikebu yangu ya kwanza ya biashara, mfano wa mbao — miezi saba ya kuchonga — itawekwa ukumbini hekaluni, mbele ya Mama Mazu mwenyewe, mlinzi wa mabaharia, na jina langu chini yake. Watu wanasema hekalu siku hizi ni makumbusho tu. Waseme. Mimi nimepiga magoti, mlinzi akajitia kutazama dari. Itafunuliwa Jumapili, sikukuu ya kuzaliwa Mazu. Leo nimeigongomea macho yake ya mbao mbele, omoni, misumari mitatu kila jicho, nikaifunika kitambaa chekundu.

Alhamisi, 17 Aprili
Balaa! Bibi Ying — yule ambaye babu zake walikuwa na merikebu kumi za kwenda kaskazini, na haipiti siku bila kutukumbusha — amechungulia chini ya kitambaa.

"We Xiuya, hii inapeleka chai au inatafuta samaki?"

Nikainama kutazama. Macho yanatazama chini! Ya chombo cha uvuvi ndiyo hutazama chini, yaone samaki. Ya merikebu ya biashara hutazama mbele, yaone njia. Mimi binti wa wavuvi, mkono umekwenda wenyewe. Na jicho likishapigwa msumari haling'olewi, ni kukipofusha chombo. Mkurugenzi wa makumbusho kasema kwa upole: ikibaki hivi, haionyeshwi. Nimeirudisha nyumbani. Nimelia njia nzima.

Ijumaa, 18 Aprili
Guoliang ananiambia niyapake rangi tu. Huyu mume! Miaka thelathini na binti wa wavuvi, hajajifunza kitu.

Jumamosi, 19 Aprili
Namwomba radhi Guoliang. Alikuwa anafuta meza, akainyanyua merikebu upande wa mbele — na macho yakatazama mbele! Sawasawa!

"Usishushe! Usithubutu kushusha!"

Kasimama kaishikilia hivyohivyo, mimi napima. Nimechonga kitako kipya cha kuiegemeza, omo juu. Merikebu inapanda wimbi! Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Jumapili, 20 Aprili
Naandika nyuma ya jukwaa la opera ya sikukuu, hapa hekaluni. Mkurugenzi kasema Bibi Ying ndiye aamue. Bibi kachuchumaa, goti likalia ko! Kaichungulia uso kwa uso.

"Njia inaiona. Lakini wimbi lenyewe liko wapi, mwanangu? Au imelewa?"

Tukaangua kicheko, mkurugenzi naye. Katupa robo saa. Guoliang kakimbilia rangi ya buluu. Bibi Ying kakunja mikono ya koti, kaninyang'anya brashi: "Babu zangu walilipanda hili, nalijua!" Wimbi limeshapita kitako, sasa linapanda meza ya makumbusho — mkurugenzi hajaona. Ngoma zinalia langoni. Bibi ananiita, anataka rangi nyeupe, bado povu —