Neno la Mwisho la Wimbo

Mke wangu Mareja,

Salamu kutoka jangwani, ambako hata maji ya kunywa yana moto. Viatu ulivyonitumia vimefika, ila soli zimeshaanza kuyeyuka. Reli za treni ya madini tunazibeba kwa wimbo wetu wa kisiwani kwetu Badu. Mimi naimbisha, na neno la mwisho likitoka, watu ishirini wanaitua reli kwa pamoja.

Jumanne msimamizi alitukatalia mapumziko ya adhuhuri. Kaka yako akanitania, "Shemeji, leo unaimba kama kasa aliyepinduliwa! Kunywa maji kwanza!" Nikaona haya kuukatiza wimbo. Neno la mwisho likanikaukia kooni. Nusu ya watu walitua, nusu wakashikilia. Reli ikamwangukia kaka yako kifuani.

Usimsomee mama yako barua hii. Unajua kwetu msiba hauletwi na karatasi, huletwa na shemeji wa marehemu, na shemeji ndiye mimi. Naja na meli inayofuata. Mama atanishika mikono, atanishukuru kwa kumtunza mwanawe, kisha ataniomba niongoze nyimbo za maziko.

Mareja, nitaimba kwa kinywa gani?

Mumeo,
Gabey