Kifaa cha Kuchomea Kasida za Babu

Pongwe, Jumapili

Mjukuu wangu Salim,

Hatujambo, juzi tumeangua nazi. Anayeandika ni dadako Zuhura, na ameapa hataruka neno langu hata moja.

Umeuliza uchague kifaa gani cha kuchomea diski, ili kasida za babu yako zisipotee kompyuta yako ya nyumbani ikifa.

Nilipokuwa msichana, baba alinipeleka mjini kununua redio ya kaseti. Muuzaji akaisifu sana. Baba akasema, "Ngoja ijisifu yenyewe." Akaimba ubeti, akaurekodi, akaenda kuusikiliza kwenye redio ya duka la jirani. Redio mbili alizirudisha kwa kukwaruza sauti, ya tatu tukaibeba. Sijaona tena mnunuzi kama yule.

Nawe choma diski dukani, uijaribu kwenye mashine nyingine.

Bibi yako

Shikamoo kaka, sasa ni mimi Zuhura. Babu alifariki sijazaliwa. Lini nitamsikia?